Swali la West Lothian: Kura za Waskoti katika Sheria za England

Swali la West Lothian ni mzozo wa kikatiba nchini Uingereza kuhusu haki ya wabunge wa Scotland kupiga kura juu ya sheria zinazotumika England peke yake. Dola ya Uingereza ina nchi nne: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Tangu mwaka 1999 tatu kati ya hizo zina bunge au baraza lake, England haina. Shule na hospitali za Scotland hutungiwa sheria Edinburgh, ambako mbunge wa England hana kiti. Shule na hospitali za England hutungiwa sheria London, katika Baraza la Makabwela, ambamo mbunge wa Scotland ana kiti na kura kamili. Kero hiyo ilipata jina mwaka 1977, lakini ni kongwe kuliko jina lake, na kwa muda mrefu walioumia walikuwa Waskoti.

Mkataba wa Muungano ulianza kutumika tarehe 1 Mei 1707. Mabunge ya England na Scotland yalifutwa, likaundwa moja. Scotland ilipewa viti 45 kati ya 558 vya Baraza la Makabwela na nafasi 16 katika Baraza la Malodi. Wakati huohuo iliachiwa sheria zake, mahakama zake na Kanisa lake la Presbiteri. Hapo ndipo tatizo lilipopandwa: mifumo miwili ya sheria ilibaki, lakini chombo cha kuzitunga kikawa kimoja, na kila muswada wa Scotland ulipita mikononi mwa watu ambao zaidi ya kumi kwa mmoja hawakutoka huko.

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1712 Bunge lilirudisha haki ya wenye mashamba makubwa kuwateua wachungaji wa Kanisa la Scotland, na Kanisa likaona kwamba ahadi za mkataba zimevunjwa kabla wino wake haujakauka. Mwaka 1713, baada ya kodi ya kimea kuwakera Waskoti, hoja ya kuuvunja Muungano ilipelekwa katika Baraza la Malodi, ikashindwa kwa kura nne tu. Ugomvi wa uteuzi wa wachungaji uliendelea kufukuta hadi mwaka 1843, Kanisa la Scotland lilipopasuka na wachungaji zaidi ya 400 wakajitoa.

Zamu ya England ilifika mwaka 1927, na ajabu ni kwamba nayo ilihusu dini. Kanisa la England lilikuwa limetayarisha toleo jipya la Kitabu cha Sala. Kwa kuwa ni kanisa la dola, lilihitaji idhini ya Bunge. Malodi waliridhia. Makabwela, mwezi Desemba, walikataa kwa kura 238 dhidi ya 205. Hotuba iliyokumbukwa kuliko zote usiku ule ilitolewa na Rosslyn Mitchell, mbunge wa chama cha Labour kutoka Paisley, Scotland, mtu ambaye kitabu hicho kisingesomwa katika kanisa lolote la wapiga kura wake wengi. Mwaka 1928 toleo lililorekebishwa lilirudishwa, likakataliwa tena kwa 266 dhidi ya 220. Hapakuwa na kanuni yoyote iliyovunjwa. Bunge lilikuwa la wote, na wote walipiga kura.

Wa kwanza kulitazama tatizo hili kama tatizo la katiba, si kero ya siku moja, walikuwa wanasiasa walioshughulika na Ireland. Muungano wa mwaka 1801 uliwaleta Westminster, yaani Bunge la London, wabunge 100 wa Ireland, na kufikia miaka ya 1880 wengi wao walidai nchi yao ijitawale katika mambo ya ndani. Waziri Mkuu William Gladstone alikubali mwaka 1886, na papo hapo akakutana na fumbo. Ireland ikipata bunge lake Dublin, wabunge wake waliopo London wafanyweje? Jibu lake la kwanza lilikuwa kuwaondoa. Wakosoaji wakauliza ni kwa haki gani Ireland itaendelea kulipa kodi kwa Bunge ambalo haina mtu ndani yake. Muswada ulianguka kwa kura 343 dhidi ya 313.

Mwaka 1893 alijaribu njia nyingine. Wabunge wa Ireland wangebaki 80, lakini wangeingia ukumbini kwa mambo ya Ireland na ya dola nzima tu, na kutoka yanapojadiliwa mambo ya Britania. Ndani ya wiki chache za mjadala ilionekana kwamba mpango huo ungezaa serikali mbili katika ukumbi mmoja: Jumatatu waziri mkuu ana wingi wa kura kwa bajeti, Jumanne hana wingi kwa shule. Na nani angeamua jambo lipi ni la nani, hasa pale kura ya elimu inapoweza kuiangusha serikali inayosimamia jeshi? Kifungu kiliondolewa, na muswada ukapita Makabwela ukiwaachia wabunge hao 80 haki ya kupiga kura juu ya kila kitu. Malodi waliuzika kwa 419 dhidi ya 41. Hoja karibu zote zilizosikika miaka mia moja baadaye kuhusu Scotland zilikwisha kusemwa kiangazi kile.

Jaribio halisi lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Ireland ilipogawanywa, sehemu ya kaskazini ilipata bunge lake mwaka 1921, na wabunge wake wakaendelea kukaa Westminster wakipiga kura juu ya kila jambo la England. Hali hiyo ilidumu nusu karne, hadi bunge la Belfast liliposimamishwa mwaka 1972, na kelele zilikuwa chache. Sababu ni hesabu. Wabunge hao walikuwa 13, baadaye 12, wachache kuliko idadi ya watu wao ilivyostahili, na punguzo hilo lilichukuliwa kama bei ya kuwa na bunge la nyumbani. Walianza kuonekana ni tatizo mwaka 1964, Harold Wilson wa Labour aliposhinda uchaguzi kwa wingi wa viti vinne tu na kuwakuta wabunge wa Ireland ya Kaskazini, waliokuwa washirika wa chama pinzani cha Wahafidhina, wakipiga kura kumpinga katika mambo ambayo kwao yaliamuliwa Belfast. Aliwaza kuwazuia. Mwaka 1966 akashinda kwa wingi mkubwa, na wazo likafa lenyewe. Mtindo huo umejirudia katika historia yote ya mzozo huu: swali hulia pale kura zinapokaribiana, kisha hunyamaza.

Katika miaka ya 1970 chama cha kitaifa cha Scotland, SNP, kilipanda hadi kupata viti 11 katika uchaguzi wa Oktoba 1974. Serikali ya Labour, ikihofia kupoteza ngome yake, ilileta muswada wa kuipa Scotland baraza lake. Mpinzani wake mkali alitoka ndani ya Labour yenyewe. Tam Dalyell, mbunge wa West Lothian magharibi mwa Edinburgh, alikuwa mwana wa ukoo wa kikabaila aliyesomea Eton kisha akawa msoshalisti, na alikuwa na sifa moja ambayo viongozi wa chama hawakuipenda: hakuchoka kuuliza. Tarehe 14 Novemba 1977 aliliuliza Bunge wapiga kura wa England watavumilia hadi lini wabunge 119 kutoka Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kuamua siasa za England, pengine kwa kura za kuamua, huku wabunge wa England wakiwa hawana neno katika mambo hayohayo ya nchi hizo tatu. Mfano wake uliopendwa ulikuwa wa miji miwili yenye jina moja. Angeweza kupiga kura juu ya Blackburn ya Lancashire, England, lakini si juu ya Blackburn iliyomo ndani ya jimbo lake mwenyewe.

Aliyelipa swali jina ni Enoch Powell, aliyependekeza kwa kejeli kwamba, ili kuokoa muda, liitwe kwa jimbo la muulizaji. Powell alikuwa mtu wa England aliyekuwa akikaa Bungeni kwa kiti cha South Down, Ireland ya Kaskazini.

Dalyell hakuuliza ili Waskoti wanyimwe kura. Aliuliza ili baraza la Scotland lisiwepo. Kwake swali lilikuwa ushahidi kwamba mpango wenyewe haujengeki, na jibu pekee la haki lilikuwa kuuacha. Wengi waliolitumia baadaye walilichukua swali wakaiacha nia. Kura ya maoni ya Scotland juu ya baraza hilo, tarehe 1 Machi 1979, ilimpa alichotaka: asilimia 51.6 walisema ndiyo, lakini hao walikuwa asilimia 32.9 tu ya waliojiandikisha, chini ya sharti la asilimia 40 lililoingizwa na George Cunningham, Mskoti aliyekuwa mbunge wa Islington, London.

Miaka 18 ya utawala wa Wahafidhina iliyofuata iligeuza upande wa malalamiko. Mwaka 1987 walishinda Uingereza nzima wakiwa na viti 10 tu kati ya 72 vya Scotland. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuleta Scotland kodi mpya ya serikali za mitaa, ambayo wananchi waliiita kodi ya kichwa. Ilianza kutozwa huko Aprili 1989, mwaka mmoja kabla ya England na Wales, kwa kura nyingi za wabunge ambao wapiga kura wao walikuwa bado hawajaionja. Mtu yeyote anayetaka kupima uzito wa malalamiko ya England ya karne ya 21 anapaswa kuiweka sheria hiyo kwenye mizani. Ndiyo iliyowashawishi Waskoti wengi kwamba bunge la nyumbani ni kinga.

Mwaka 1997 Wahafidhina walipoteza kila kiti walichokuwa nacho Scotland. Septemba mwaka huo asilimia 74.3 ya wapiga kura wa Scotland waliunga mkono bunge lao, na likafunguliwa mwaka 1999 likiwa na wajumbe 129. Swali la Dalyell likawa hai. Serikali ya Tony Blair haikuwa na haraka ya kulijibu. Lord Irvine, Mskoti aliyekuwa Lord Chancellor, alisema kwamba jibu bora ni kuacha kuliuliza. Hatua pekee ilikuwa ya idadi: Scotland, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa na wabunge wengi kuliko uwiano wa watu wake, ilipunguziwa viti kutoka 72 hadi 59 katika uchaguzi wa mwaka 2005.

Kabla ya punguzo hilo yalitokea mambo mawili ambayo Dalyell angeweza kuyatunga kama mfano. Tarehe 19 Novemba 2003 serikali ilileta mpango wa kuzipa hospitali za England uhuru zaidi wa kujiendesha. Waziri wa Afya, John Reid, alikuwa mbunge wa Scotland, hivyo hospitali alizozisimamia hazikuwa zile za wapiga kura wake. Wabunge wengi wa Labour waliasi. Mpango ulipita kwa 302 dhidi ya 285, na ungeanguka kama wangepiga kura wabunge wa England pekee. Tarehe 27 Januari 2004 ukaja muswada wa kuruhusu vyuo vikuu vya England kutoza hadi pauni 3,000 kwa mwaka. Ulipita kwa 316 dhidi ya 311. Wabunge wa Labour wa Scotland walioubeba walikuwa wengi mara kadhaa kuliko pengo hilo la kura tano, na nyuma yao Bunge la Edinburgh lilikuwa limekwisha kufuta ada za kulipa kabla ya masomo. Mwanafunzi wa Newcastle aliongezewa ada kwa kura za watu ambao wanafunzi wao hawakuongezewa.

Utetezi wa wabunge hao haukuwa mtupu. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 fedha za Scotland hukokotolewa kwa kanuni ya Barnett, iliyopewa jina la Joel Barnett, waziri wa hazina wa wakati huo. England ikiongeza matumizi ya afya au elimu, Scotland hupata nyongeza kwa uwiano wa watu wake. England ikipunguza, au ikihamisha mzigo kutoka serikalini kwenda kwa mwanafunzi, sehemu ya Scotland hupungua pia. Kwa hiyo ni vigumu kuupata muswada mkubwa ambao ni wa England tupu. Ukweli huo unaupunguza ukali wa swali, lakini hauumalizi: kuathirika na bajeti ya jirani si sawa na kuandika sheria ya nyumba yake.

Dawa nzito iliyopendekezwa ni England kupata bunge lake na dola kuwa shirikisho. Kikwazo ni ukubwa. England ina zaidi ya asilimia 80 ya watu wote wa Uingereza, na waziri mkuu wa England katika shirikisho kama hilo angekuwa na nguvu kuliko waziri mkuu wa dola. Njia ya kuigawa England katika majimbo ilijaribiwa Novemba 2004 kaskazini mashariki, na asilimia 78 walikataa.

Kwa wasomaji wa Tanzania umbo la tatizo hili si geni. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi tangu mwaka 1980 kwa mambo yasiyo ya Muungano. Tanganyika haina chombo chake, na mambo ya Bara hupita katika Bunge la Muungano wakiwamo wabunge wa Unguja na Pemba. Mwaka 1993 kundi la wabunge wa Bara lililojulikana kama G-55 lilidai Serikali ya Tanganyika, na Mwalimu Nyerere, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wa mwaka 1952, akaipinga hoja hiyo hadi kuiandikia kitabu. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilirudi na serikali tatu mwaka 2013. Bunge Maalumu la Katiba likabaki na mbili. Huko nako tatizo ni uwiano, tena mkali zaidi: sensa ya mwaka 2022 iliipa Zanzibar takriban asilimia 3 ya Watanzania. Wembamba huo ndio unaofanya kura zake zisiwatishe watu wa Bara kama zile za Scotland zilivyowatisha watu wa England mwaka 2004.

Huko Uingereza, dawa nyepesi ilikuwa kubadilisha kanuni za Bunge, na ilitoka kwa Wahafidhina, chama ambacho kwa wakati huo kilikuwa na viti vingi England na karibu hakuna Scotland. Tume ya Sir William McKay, katibu wa zamani wa Baraza la Makabwela, ilitoa ripoti Machi 2013 ikisema uamuzi wenye athari ya pekee kwa England kwa kawaida ufanywe kwa ridhaa ya wabunge wengi wa England. Ripoti ilikaa kabatini hadi alfajiri ya tarehe 19 Septemba 2014. Usiku huo matokeo ya kura ya maoni yalionyesha Waskoti wamekataa uhuru kwa asilimia 55.3. Badala ya kuzungumzia maridhiano tu, Waziri Mkuu David Cameron alisimama nje ya makazi yake na kutangaza kwamba sasa ni zamu ya sauti ya England. SNP hawakukosa la kuwaambia wapiga kura, na Mei 2015 walichukua viti 56 kati ya 59.

Kanuni mpya zilipitishwa tarehe 22 Oktoba 2015 kwa 312 dhidi ya 270. Spika alipewa kazi ya kuupima kila muswada na kuthibitisha vifungu vinavyohusu England peke yake, au England na Wales. Vifungu hivyo vilipaswa kupata ridhaa ya kamati kuu ya wabunge wa nchi husika kabla ya muswada kusomwa kwa mara ya mwisho na Bunge zima. Wabunge wa England walipata turufu ya kukataa. Hawakupata uwezo wa kupitisha kitu ambacho Bunge zima halikitaki. Kwa vitendo kamati hiyo ilikaa dakika chache, ikaridhia, ikafungwa. Katika maisha yake yote haikuzuia muswada hata mmoja, kwa sababu serikali zilizokuwapo zilikuwa na wingi wa viti England hata pale zilipokosa wingi wa Bunge zima.

Udhaifu wa kanuni hizo ulionekana mapema. Tarehe 9 Machi 2016 serikali ilitaka kuziachia halmashauri za England na Wales ziamue saa za maduka makubwa kufunguliwa Jumapili. SNP waliungana na waasi wa Wahafidhina na Labour, hoja ikaanguka kwa 317 dhidi ya 286. Turufu ya England haikusaidia kitu, kwa kuwa inakataa tu. Wala SNP wenyewe hawakuwa na msimamo ulionyooka. Kwa miaka walijivunia kutogusa mambo ya England, na mapema mwaka 2015 kiongozi wao, Nicola Sturgeon, alitaja uwindaji wa mbweha kama mfano wa jambo wasilolipigia kura. Julai mwaka huohuo chama kilitangaza kitapiga kura dhidi ya kulegeza marufuku ya uwindaji huo England na Wales, na serikali ikaiondoa hoja.

Ugonjwa wa korona ulisimamisha utaratibu huo Aprili 2020, na tarehe 13 Julai 2021 ukafutwa. Waliouunda na waliouzika ni chama kilekile. Waziri Mkuu Boris Johnson alikuwa ameshinda mwaka 2019 kwa wingi wa viti 80, na waziri wake Michael Gove, Mskoti aliyekuwa mbunge wa Surrey, alitaka kuondoa chochote kilichowapa SNP hoja kwamba wabunge wa Scotland ni wa daraja la pili. Katika uchaguzi wa Julai 2024 Labour walipata zaidi ya viti 340 kati ya 543 vya England na 37 kati ya 57 vya Scotland, hivyo serikali iliyoundwa haikuhitaji kura za upande mmoja kuushinda mwingine.

Palipobaki pa mvutano ni kwenye kura za dhamiri, ambamo vyama huwaachia wabunge uhuru. Muswada wa kuwaruhusu wagonjwa mahututi kusaidiwa kufa, ambao kwa sehemu kubwa ni wa England na Wales, ulipita Baraza la Makabwela tarehe 20 Juni 2025 kwa 314 dhidi ya 291. Wabunge wa Scotland walikuwa na haki ya kupiga kura, na baadhi waliitumia, wakati Bunge la Edinburgh likijadili muswada wake lenyewe juu ya jambo hilohilo.